Salfidi za metali kwenye asidi: ipi huyeyuka, ipi hugoma, na kwa nini

Chukua neli tatu za majaribio. Ya kwanza ina mashapo meupe ya salfidi ya zinki (ZnS), ya pili mashapo ya njano ya salfidi ya kadmiamu (CdS), ya tatu mashapo meusi ya salfidi ya shaba (CuS). Zote zimetengenezwa sasa hivi. Tia kila neli mililita 2 za asidi hidrokloriki baridi ya mola 1 kwa lita, kisha tikisa. Zinki inatoweka mbele ya macho yako na harufu ya yai viza inapanda. Kadmiamu inabaki njano vilevile. Shaba haishtuki. Sasa mwaga asidi ya neli ya pili, weka ya mola 6: njano inaisha. Ya tatu, hata ukiichemsha katika asidi hiyohiyo ya mola 6, nyeusi inabaki nyeusi.

Darasani jibu huwa fupi: ZnS huyeyuka kwenye asidi, CuS haiyeyuki, andika hivyo kwenye mtihani. Mimi naona jibu hilo linamnyima mwanafunzi kitu chenyewe. Swali la maana ni asidi kiasi gani, na asidi ya aina gani. Ukishajua hayo mawili, huhitaji kukariri orodha.

Tuanze na kinachotokea ndani ya neli. Asidi haitafuni salfidi kwa sababu ya ukali wake. Ayoni za hidrojeni (H⁺) zinaikamata salfa na kuigeuza H₂S, ambayo ni gesi, nayo hutoka (M ni metali):

MS + 2H⁺ ⇌ M²⁺ + H₂S

Ni kama kuvutana kamba. Upande mmoja metali inaishikilia salfa, upande wa pili H⁺ inaivuta. Zinki hushika kwa ulegevu, shaba hushika kwa nguvu, zebaki hushika kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kipimo cha kushika huko ni namba moja, kigezo cha umumunyifu katika asidi, ambacho hapa nitakiita Ka-asidi (mabano yanaonyesha mola kwa lita):

Ka-asidi = [M²⁺][H₂S] / [H⁺]²

Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, namba zenyewe ni hizi: MnS ya rangi ya waridi ni 3×10¹⁰, FeS ni 6×10², ZnS ni 3×10⁻² kwa umbo la wurtzaiti na 2×10⁻⁴ kwa umbo la sfaleraiti, SnS ni 1×10⁻⁵, CdS ni 8×10⁻⁷, PbS ni 3×10⁻⁷, CuS ni 6×10⁻¹⁶, HgS nyeusi ni 2×10⁻³². Kutoka manganizi hadi zebaki kuna ngazi ya zaidi ya tarakimu arobaini. Hakuna asidi ya kawaida inayoweza kupanda ngazi yote hiyo kwa kuongezewa tu nguvu. Asidi hidrokloriki iliyokolea kabisa, ile ya asilimia 37, ni mola 12 tu kwa lita. Kipeo cha pili cha 12 ni 144. Huwezi kuipigania CuS kwa kuzidisha mara 144.

Hapa pana mtego unaowaangusha wengi, hata walimu. Vitabu vingi vinatoa kigezo cha umumunyifu cha kawaida, kile cha [M²⁺][S²⁻], kisha vinakutaka ukihusishe na hatua mbili za kuvunjika kwa H₂S. Hatua ya kwanza haina ugomvi, ni kama 10⁻⁷. Ya pili ndiyo balaa. Vitabu vya zamani vinaandika 10⁻¹³ au 10⁻¹⁴, vipimo vya baadaye vinaangukia kati ya 10⁻¹⁷ na 10⁻¹⁹, maana ayoni ya S²⁻ yenyewe karibu haipo majini. Ikitokea tu, inanyakua hidrojeni ya maji na kuwa HS⁻. Ukichukua kigezo cha ZnS kutoka kitabu kimoja na namba ya hatua ya pili kutoka kitabu kingine, unaweza kukosea mara laki moja au milioni bila kufanya kosa lolote la hesabu. Ka-asidi inaukwepa mtego huo kwa sababu haiitaji S²⁻ popote. Ushauri wangu ni uitumie hiyo peke yake.

Sasa tazama namba 0.3. Maji yaliyoshiba H₂S kwenye joto la kawaida hubeba takriban mola 0.1 kwa lita. Utaratibu wa zamani wa kutenganisha metali unataka asidi iwe mola 0.3 kwa lita. Ingiza kwenye kanuni: metali inayobaki kwenye mmumunyo = Ka-asidi × 0.09 / 0.1, yaani Ka-asidi × 0.9. Kwa hiyo katika hali hiyo, namba ya Ka-asidi ni karibu sawa kabisa na kiasi cha metali kinachoweza kubaki kimeyeyuka. Huna haja ya kikokotoo. Chuma: mola 540 kwa lita, kiasi kisichowezekana, hivyo FeS haishuki kamwe. Kadmiamu: 7×10⁻⁷, hivyo karibu yote inashuka. Risasi: 3×10⁻⁷, inashuka. Shaba: 5×10⁻¹⁶, imeshuka yote na zaidi ya yote.

Zinki ndiyo inayokaa mpakani. Kwa umbo la wurtzaiti inabaki mola 0.027 kwa lita, na kwa umbo la sfaleraiti mola 0.00018. Maana yake, kwa hesabu kavu, zinki yenye kujipanga vizuri ingeshuka hata kwenye mola 0.3. Haishuki kwa sababu mashapo machanga hayajajipanga, na pia kwa sababu inachelewa kuanza. Hapo ndipo uchafu unapoingia: ukiacha CuS au HgS ikae saa kadhaa ndani ya mmumunyo wenye zinki na H₂S, ZnS huanza kujishikiza juu ya chembe nyeusi taratibu. Asubuhi unakuta zinki imepungua na hujui imekwenda wapi. Chuja mapema, mashapo yakiwa bado ya moto. Usiyalaze.

Asidi ikiwa pungufu, mambo huharibika upande huohuo. Kwenye mola 0.03 badala ya 0.3, kizidishi kinakuwa 0.009 badala ya 0.9, na zinki inayoweza kubaki, hata kwa umbo la wurtzaiti, ni mola 0.0003 kwa lita. Itashuka pamoja na kundi la shaba, yaani metali zinazoshuka kwenye mola 0.3. Asidi ikizidi, hasara inahamia kwa kadmiamu na risasi. Hesabu ya Ka-asidi peke yake inasema CdS ingestahimili hata mola 1, na kweli hustahimili, lakini asidi hidrokloriki huja na kloridi, na kloridi huikumbatia kadmiamu na risasi na kuzivutia kwenye mmumunyo. Ndiyo maana CdS huisha kwenye HCl ya mola 6, na ndiyo maana risasi ikikutana na kloridi nyingi na H₂S kidogo hutoa kwanza mashapo mekundu-kahawia ya salfidi iliyochanganyika na kloridi badala ya nyeusi safi. Ukiona wekundu huo, ongeza maji, pitisha gesi tena.

Jambo jingine linalosahaulika: kushuka kwa salfidi kunatengeneza asidi. Kila ayoni moja ya shaba inayoshuka inaacha H⁺ mbili. Mmumunyo wenye shaba mola 0.1 ulioanza na asidi mola 0.3 unamaliza na mola 0.5. Kwa shaba si kitu. Lakini kama kadmiamu ilikuwa inangoja zamu yake, na kloridi ipo, sehemu inaweza kubaki juu. Dawa ni rahisi: baada ya mashapo kushuka, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ujazo uwe mara mbili, kisha pitisha H₂S mara ya pili. Mmumunyo ukibaki mwangavu bila mashapo mapya, umemaliza.

Kabla ya vitendo, tuongee juu ya gesi yenyewe, maana H₂S huua. Gramu 1 ya FeS ikiyeyuka yote kwenye asidi hutoa mililita 270 hivi za gesi. Katika chumba cha mita 3 kwa 4 kwa 3, ikisambaa sawasawa, hiyo ni kama sehemu 7 kwa milioni. Gramu 15 zinakufikisha zaidi ya 100 kwa milioni, na hapo pua hufa ganzi: harufu inapotea, nawe unadhani gesi imeisha. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini na kwenye sinki. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kama shule haina kabati hilo, usitumie chupa ya kuzalisha H₂S ndani ya chumba. Tumia ujazo mdogo wa matone, nje, upepo ukiwa nyuma yako. Harufu ikikatika ghafla, ondoka.

Kwa ujazo mdogo, thioasetamidi ni bora kuliko gesi ya moja kwa moja, kwa kuwa ikipashwa moto ndani ya asidi huachia H₂S polepole, na mashapo hutoka ya chembe kubwa, rahisi kuchuja. Inashukiwa kusababisha saratani, hivyo vaa glavu na usiipime juu ya meza wazi.

Tutenganishe shaba na zinki. Chukua mililita 10 za mmumunyo wenye mola 0.02 kwa lita za kila moja. Dondosha amonia ya mola 6 ukitikisa mpaka utando hafifu wa rangi ya maji ya bahari uanze kubaki bila kupotea. Hapo asidi ya awali imekwisha. Usiendelee hadi rangi ya buluu iliyokolea. Kisha tia matone 10 ya HCl ya mola 6, yaani mililita 0.5. Utando unayeyuka, na asidi sasa iko karibu mola 0.29. Karatasi ya methili violeti ikigusishwa inapaswa kugeuka kijani. Ikiwa buluu ya zambarau, asidi haitoshi. Ongeza mililita 1 ya thioasetamidi ya asilimia 5, weka neli kwenye maji yanayochemka kwa dakika 10. Kwanza rangi inakuwa kahawia, kisha nyeusi, kisha vipande vyeusi vinajikusanya na maji juu yake yanaanza kung'aa. Hapo chuja.

Kuosha nako kuna ujuzi wake. Ukiosha CuS kwa maji matupu, chembe zinaachana na kupita kwenye karatasi ya kuchujia kama maji ya mkaa. Ukiiacha wazi ikiwa na unyevu, hewa inaioksidisha kuwa salfati ya shaba, na maji ya kuoshea yanatoka na ubuluu. Osha kwa mililita 2 za maji ya moto yenye chembe za kloridi ya amoni na harufu kidogo ya H₂S, haraka, mara mbili.

Mchujo una zinki. Ongeza amonia mpaka karatasi ya litimasi igeuke buluu. Thioasetamidi iliyobaki inatoa ZnS nyeupe. Ikiwa ya kijivu, shaba ilipenya au kuna chuma. ZnS hiyo itie mililita 1 ya HCl ya mola 3, ichemshe taratibu huku umeshika karatasi yenye asetati ya risasi mdomoni mwa neli. Karatasi ikiacha kuwa nyeusi, H₂S imekwisha, na zinki yako ni safi kwa kipimo chochote kifuatacho. Usipoifukuza yote, ukiongeza amonia tena ZnS inarudi, na utadhani ni hidroksidi.

Turudi kwa CuS inayogoma. Kama H⁺ haiwezi kuivuta salfa, basi iharibu salfa yenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya asidi nitriki:

3CuS + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 3S + 2NO + 4H₂O

Mililita 2 za asidi nitriki ya mola 3 kwenye maji yanayochemka zinatosha. Dakika chache tu na mmumunyo unakuwa wa buluu. Juu yake inaelea sponji ya salfa, mara nyingi nyeusi kwa sababu imefungia CuS ndani. Wengi huiandika kuwa ni HgS. Itoe kwa kijiti cha kioo, ichemshe na asidi nitriki mpya: ikiwa salfa tu, itapauka na kuwa njano. HgS haibadiliki. Usikimbilie asidi nitriki iliyokolea. Inaoksidisha salfa hadi salfati, na kama kuna risasi unapata PbSO₄ nyeupe ambayo sasa haiyeyuki, umejiongezea kazi.

HgS inataka nguvu mbili kwa pamoja: nitriki ya kuoksidisha salfa na kloridi ya kuikumbatia zebaki. Ujazo 3 wa HCl iliyokolea kwa ujazo 1 wa HNO₃ iliyokolea, vilivyochanganywa wakati huohuo, kwa matone, ndani ya kabati. Kila kimoja peke yake hakitoshi.

Asidi nitriki hiyohiyo ikibaki kwenye mmumunyo kabla ya kupitisha H₂S ni adui. Inaoksidisha H₂S, nawe unapata maziwa meupe ya salfa yasiyotulia. Chuma chenye chaji tatu kinafanya vilevile, na dikromati na pamanganeti pia. Mashapo meupe au manjano-maziwa yanayopita kwenye karatasi si ya metali yoyote. Fukuza nitriki kwa kukausha na HCl iliyokolea mara mbili kabla hujaanza.

Nikeli na kobalti zinastahili neno lao. Kwenye asidi ya mola 0.3 hazishuki kabisa. Zishushe kwa amonia, halafu ujaribu kuziyeyusha kwa HCl baridi ya mola 1: zinagoma. Haiingii akilini mpaka ukumbuke kwamba mashapo hubadilika. NiS inayotoka kwanza ni legelege. Ndani ya dakika inaanza kujipanga upya kuwa umbo gumu zaidi, na asidi inakutana na kitu kingine kabisa. Wachambuzi wa zamani waliutumia ugumu huo: FeS, MnS na ZnS ziliondoka kwa HCl baridi ya mola 1 ndani ya dakika 2, NiS na CoS zikabaki nyeusi chini. Kaa nazo dakika 20 na sehemu itaanza kuyeyuka.

Nje ya maabara, mawe yanafuata sheria hizohizo. Unga wa sfaleraiti ukitiwa HCl hunuka yai viza. Galena ikipashwa moto na HCl iliyokolea hunuka pia, na ikipoa hutoa sindano nyeupe zinazong'aa za kloridi ya risasi. Pairaiti, ile ya rangi ya dhahabu inayowasumbua wachimbaji wadogo, haitoi kitu. Fomula yake ni FeS₂: salfa zimeshikana mbilimbili, si S²⁻ ya kawaida, kwa hiyo usiichanganye na FeS ya dukani. Nayo hiyo ya dukani huwa na chuma tupu ndani, hivyo gesi inayotoka ni H₂S iliyochanganyika na hidrojeni.

Katika ukanda wa shaba wa Katanga, malakaiti ya kijani iliyo karibu na uso wa ardhi inayeyuka kwenye asidi salfuriki bila tabu. Ukichimba chini unakutana na kalkosaiti, Cu₂S, na asidi peke yake haifui dafu. Inahitajika kuchomwa tanuruni kwanza, au kuwekewa chuma chenye chaji tatu, ambacho kinanyang'anya salfa elektroni zake kama nitriki inavyofanya kwenye neli.

Kasese, Uganda, kazi hiyo ilipewa bakteria. Mgodi wa Kilembe ulikuwa umeacha lundo kubwa la pairaiti yenye kobalti, na mwaka 1999 kiwanda kilianza kuitoa kobalti hiyo kwa viumbe wanaooksidisha chuma na salfa ndani ya matangi yenye hewa. Kabla ya hapo mvua ilikuwa ikifanya kazi hiyohiyo bila matangi. Maji na hewa viliigeuza pairaiti kuwa asidi salfuriki, asidi ikabeba shaba na kobalti kuteremka ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth kuelekea Ziwa George, na ilipopita iliacha ukanda wa ardhi usioota majani.